Kadi ya Malipo ya Kabla: Nani Ameshika Pesa Yako?

Mwezi huu tuzungumze juu ya kadi. Si kadi ya kliniki wala kadi ya mchango wa harusi. Hizo tunazijua sana, na ya pili tunaijua kuliko tungependa. Tunasema juu ya kadi ya kulipia, ile ambayo unatanguliza pesa ndani yake kwanza, kisha unanunua kidogo kidogo mpaka ziishe. Huko shuleni mzazi anaambiwa amjazie mtoto kadi ya matumizi. Kivukoni mtu anagusisha kadi, geti linafunguka. Binti aliyemaliza kidato cha sita anataka kulipia maombi ya chuo cha nje kwa intaneti, anaambiwa aandike namba ya kadi. Na mlangoni mwa benki yupo kijana mwenye fulana mpya na tabasamu, anasema, "Mama, chukua hii, haina masharti."

Kadi isiyo na masharti sisi hatujaiona bado. Kwa hiyo tukae chini tuichambue kabla hatujaitia mkobani.

Kwanza tuzitenganishe, maana kadi zote zinafanana sura. Ile ambayo wengi tunaiita kadi ya ATM ni ufunguo tu. Pesa zako zipo katika akaunti yako benki, na kadi inakufungulia mlango. Ukiipoteza umepoteza ufunguo, nyumba ipo. Ya pili ni kadi ya mkopo. Hapo unatumia pesa za benki, na usipozirudisha zote kwa wakati riba inaanza kutembea. Ya tatu ndiyo tunayoizungumzia leo, kadi ya malipo ya kabla. Humo mna pesa ulizozitia wewe mwenyewe, na zikiisha kadi inanyamaza. Huwezi kudaiwa, na huo ni uzuri wake mkubwa. Lakini ukiitazama vizuri utaona jambo lingine: tangu siku uliyotia pesa mpaka siku utakayozitumia, wewe ndiye uliyemkopesha mwenye kadi, bila riba na mara nyingi bila hati.

Jambo lenyewe si geni kwetu. LUKU maana yake ni Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, ingawa kila mama anajua kwamba pale tunalipa kabla hatujatumia, na usiku wa manane unit zikiisha hakuna wa kumlalamikia. Vocha ya simu ya kukwangua ni hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba unit za LUKU zinanunua umeme peke yake, na vocha ni ya kampuni moja ya simu. Hizo tuziite kadi za mlango mmoja, pamoja na kadi ya kantini ya shule na kadi ya zawadi ya duka fulani. Kadi yenye alama ya Visa au Mastercard ni ya milango mingi. Inanunua popote penye alama hiyo, hapa na ng'ambo. Katikati zipo nyingine. Watu wa Dar es Salaam wanaovuka kwenda Kigamboni kwa kivuko wamekuwa wakiitumia N-Card, ambayo pia imetumika kulipia kiingilio cha mpira uwanjani.

Ipo na kadi isiyoshikika kabisa. Kenya, mwezi Juni 2022, Safaricom pamoja na Visa walianzisha kadi ya M-Pesa ambayo ni namba tu ndani ya simu. Unapata tarakimu 16, tarehe ya mwisho na zile tarakimu tatu za siri, unalipia kitu cha ng'ambo kwa pesa zilizomo katika simu yako, na hakuna plastiki ya kuibiwa. Tunaitaja kwa sababu akina mama wengi hudhani ni lazima wafungue akaunti mpya benki ili mtoto alipie mtihani wa nje. Uliza kwanza kampuni yako ya simu ina nini.

Nani ameshika?

Swali ambalo muuzaji wa kadi hulipita haraka ni hili: pesa zangu zitakaa kwa nani? Mbele ya kadi pana jina zuri na picha. Pembeni pana alama ya Visa au Mastercard. Tuelewane hapa, maana wengi wanaikosa: Visa na Mastercard ni barabara inayopitisha malipo, hazikuwekei pesa. Mshika pesa ni mtoaji wa kadi, ambaye jina lake mara nyingi limeandikwa nyuma, kwa herufi za kumtafuta mwenye miwani.

Watu wa Marekani walilipata somo hili kwa uchungu. Kule watu wengi wasio na akaunti za benki hutumia kadi za namna hii hata kupokelea mishahara. Katikati ya Oktoba 2015 kampuni iitwayo UniRush, yenye kadi ya RushCard, ilihamisha hesabu za wateja wake kutoka mtambo mmoja wa kompyuta kwenda mwingine. Kazi haikwenda sawasawa. Maelfu kwa maelfu ya wateja wakakuta hawawezi kugusa pesa zao, wengine kwa siku kadhaa, wengine kwa muda mrefu zaidi. Pesa hazikuibwa, zilikuwepo, ila mlango ulifungwa. Sasa fikiria mama mwenye mshahara wote ndani ya kadi hiyo, na mtoto anahitaji maziwa, na mwenye nyumba anagonga. Februari 2017 ofisi ya serikali inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha iliamuru UniRush na Mastercard, ambayo mtambo mpya ulikuwa wake, walipe dola milioni 13. Kati ya hizo milioni 10 zilikuwa za wateja. Ni haki, lakini fidia ya baada ya mwaka na zaidi haikumnunulia mtu maziwa ya siku ile.

Uingereza nako yalitokea mwaka 2020. Kampuni ya Wirecard ya Ujerumani ilianguka mwezi Juni, baada ya kuonekana kwamba euro bilioni 1.9 zilizoandikwa katika vitabu vyake hazikuwepo mahali popote. Kampuni yake ndogo iliyokuwa Uingereza ilikuwa ikitoa kadi za malipo ya kabla kwa niaba ya kampuni nyingine zenye majina yao. Tarehe 26 Juni msimamizi wa huduma za fedha wa nchi hiyo akaisimamisha, kisha akairuhusu tena siku chache baadaye. Katika siku hizo watu walikwenda dukani na kadi yenye jina walilolizoea, ikakataa, kumbe mshikaji wa pesa alikuwa mwingine.

Hapa kwetu sheria imejitahidi kuziba shimo hilo. Kenya ina Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2011, na Tanzania ina yake ya mwaka 2015. Kampuni inayotunza pesa za watu katika simu inatakiwa kuziweka katika akaunti ya udhamini benki, mbali na pesa zake yenyewe, ili ikianguka, za wateja zisianguke nayo. Hilo ni jambo jema. Lakini kadi ya kantini iliyoletwa na kijana mwenye kompyuta mbili na ofisi ya kupanga, je, imefika huko? Inawezekana kabisa pesa za watoto zinaingia katika akaunti yake binafsi. Uliza, tena uliza kwa maandishi.

Wapo pia wanaodhani kila chenye jina la benki kina bima. Bima ya amana ipo kweli: benki ikifungwa, Bodi ya Bima ya Amana ya Tanzania humlipa mwenye akaunti hadi Sh. 7,500,000, na Kenya kiwango tangu 2020 ni shilingi 500,000 za huko. Hiyo ni ya amana za akaunti. Kama imeifikia kadi unayouziwa, mwenye kuiuza akuonyeshe palipoandikwa.

Kadi iliyokufa ikiwa mkobani

Majirani zetu wa Nairobi wana kisa ambacho kila mama anayepewa kadi ya nauli inafaa akijue. Mwaka 2013 Google pamoja na Equity Bank walileta kadi iitwayo BebaPay. Abiria anatia pesa, anaigusisha kwenye simu ya konda, nauli inakatwa. Haikuwa na matatizo ya chenji, na mzazi angeweza kumpa mtoto nauli asiyoweza kununulia andazi njiani. Serikali nayo ikasema ifikapo tarehe 1 Julai 2014 matatu zote ziache kupokea pesa taslimu. Kampuni nyingine zikaja na kadi zao. Tarehe ikafika, ikasogezwa, ikapita. Mwaka 2015 Google ikaifunga BebaPay, na konda akaendelea kukunja noti katikati ya vidole kama zamani.

Kwa nini ilishindikana? Sababu ni za kibinadamu tu. Konda na dereva hulipwa jioni kutokana na pesa za siku hiyo, na mafuta hununuliwa kwa pesa zile zile. Nauli hupanda mvua ikinyesha, na kadi haijui mvua. Kadi ya kampuni moja haikukubaliwa na gari la kampuni nyingine, basi abiria akawa na kadi tatu na bado anashushwa njiani. Uvumbuzi ulikuwa mzuri, wala hatusemi wenyewe walikuwa wadanganyifu. Tunachosema ni kwamba kadi ya mlango mmoja inaishi kadiri mlango unavyoishi. Kwa hiyo usitie humo pesa za miezi mitatu. Tia nauli ya wiki. Ukiambiwa ukijaza nyingi utapewa nyongeza kidogo, fikiria nani ana haraka na pesa hizo.

Makato

Hapa ndipo kadi nyingi zinapokula. Mtu anauliza bei ya kadi yenyewe, anaambiwa Sh. 10,000, anaona ni sawa, anamaliza maswali. Bei ya kununua ni ndogo kuliko yote. Tuchukue mfano wa kutunga, ili tuone hesabu inavyokwenda. Tuseme kadi ina ada ya Sh. 1,500 kila mwezi, kujaza kwa wakala ni Sh. 1,000 kila mara, kutoa pesa kwenye mashine ni Sh. 2,000, na kuuliza salio kwenye mashine ni Sh. 300. Mama anajaza Sh. 20,000 kila wiki, yaani 80,000 kwa mwezi. Kujaza mara nne ni 4,000. Ada ya mwezi 1,500. Anatoa taslimu mara mbili, 4,000. Anauliza salio kila wiki, 1,200. Jumla ni Sh. 10,700. Katika 80,000 zake amekula nazo mtu mwingine zaidi ya moja ya nane, na hakuna siku aliyoona amelipa kitu kikubwa.

Mama yule yule akijaza mara moja tu kwa mwezi, akatoa taslimu mara moja, na salio akaliangalia kwa ujumbe wa simu usio na malipo, makato yanakuwa Sh. 4,500. Kadi ni ile ile. Ndiyo maana hatuwezi kukuambia kadi fulani ni nzuri kuliko fulani. Inategemea mkono unaoitumia. Anayelipia mtandaoni mara mbili kwa mwaka aikimbie kadi yenye ada ya kila mwezi hata kama kununua kwake ni bure. Anayeitumia kila siku anaweza kuikubali ada ya mwezi, mradi asikatwe katika kila manunuzi.

Tangu tarehe 1 Aprili 2019 kanuni za Marekani zinamtaka mwenye kadi aonyeshe makato makubwa katika kisanduku kimoja kifupi kabla mtu hajakubali: ya kila mwezi, ya kila manunuzi, ya kutoa kwenye mashine na ya kujaza kwa taslimu. Chini yake huja ya kuuliza salio, ya kuzungumza na mhudumu na ya kutoitumia kadi. Tumeipenda kanuni hii. Hata pale ambapo hakuna anayekulazimishia karatasi hiyo, ichore mwenyewe nyuma ya daftari la matumizi ya nyumbani, nenda nayo dirishani, mwambie mhudumu, "Mwanangu, nijazie hapa." Akijaza, umepata unachotaka. Akianza kuzunguka, umepata pia jibu.

Yako na makato yasiyo na jina. Kadi ya shilingi ikilipia kitu cha dola, benki ndiyo itakayopanga bei ya dola hiyo, nayo haitakuwa ile uliyoisikia redioni. Ada ya mtihani iliyoandikwa dola 100 itahitaji zaidi ya dola 100 za kawaida ndani ya kadi. Ukijaza barabara bila nyongeza, malipo yatakataliwa, na mara nyingi hutokea siku ya mwisho ya kujiandikisha, saa nne usiku. Hoteli na baadhi ya vituo vya mafuta navyo huzuia kiasi fulani katika kadi mpaka hesabu ikamilike, hivyo salio linaonekana dogo kwa siku kadhaa ilhali hujanunua kitu.

Mtoto wa bweni, dada wa nyumbani, na kikundi

Kadi ya shule ina mema yake, wala tusiibeze. Mtoto wa kidato cha kwanza akiwa na noti sandukuni, wakubwa watazijua kabla jua halijatua. Akiwa na kadi yenye namba ya siri, na kantini imewekewa kiwango cha siku, hawezi kumaliza pesa za muhula katika wiki ya kwanza, na mzazi anaona kilichonunuliwa. (Utaona soda kuliko ulivyotarajia.) Lakini kuna mambo mawili ambayo mkutano wa wazazi unapaswa kuyauliza, na aibu ya kuonekana mama mbishi isitufunge mdomo. Umeme ukikatika au mtandao ukilala, mtoto anapewa nini siku hiyo? Shule nzuri huwa na daftari, wanaandika deni la mkate na sabuni, wanakata baadaye. Shule isiyo na daftari, mtoto wako analala bila kitu wakati ana pesa. La pili: siku anapomaliza au kuhama, salio linarudi vipi, kwa siku ngapi, kwenye namba ya nani? Mabaki ya Sh. 6,000 kwa mtoto mmoja ni kidogo. Zidisha kwa watoto 400 uone kama ni kidogo. Ni Sh. 2,400,000.

Na bei za kantini zenyewe mziangalie. Mtoto mwenye kadi ya mlango mmoja hana duka la pili, na mwenye duka analijua hilo.

Nyumbani je? Akina mama wengi wanaofanya kazi humwachia dada wa nyumbani kadi ya benki pamoja na namba ya siri, ili mtoto akiugua apate pesa. Hapo umemkabidhi akaunti nzima, na umemtia katika majaribu ambayo si haki yake kuyabeba. Kesho ikipungua shilingi, yeye ndiye wa kwanza kushukiwa hata kama ni makato. Kadi ya malipo ya kabla yenye pesa za dharura peke yake inamlinda yeye na wewe. Kwa mboga za kila siku lakini, tusijidanganye. Muuza mchicha hana mashine ya kadi, ana simu. Kwa sokoni pesa za simu zinatosha, na kwa maoni yetu familia nyingi hazihitaji kadi hii zaidi ya kazi tatu: kulipia mambo ya ng'ambo, mtoto wa shule, na usafiri pale inapokubaliwa kweli. Ukiambiwa unaihitaji kwa kazi ya nne, sikiliza kwa sikio moja.

Wapo dada zetu wanaoitaka ili mume asijue kilichomo. Hilo si swali la kadi, ni la nyumba, na tutalipa ukurasa wake siku nyingine. Tunaongeza tu kwamba ujumbe wa kila malipo huja kwenye simu.

Kwa vikundi tunasema wazi. Pesa za umoja wa akina mama zisikae katika kadi ya mhazini, hata awe mwaminifu namna gani. Kadi ni ya mtu mmoja, kwa jina moja na namba moja ya siri. Mhazini akiugua ghafla, au akifariki, kikundi kitakuwa kinadai mirathi. Akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu ina usumbufu wa kupanga foleni, lakini usumbufu huo ndio ulinzi wenyewe.

Zile tarakimu

Namba za kadi ni pesa. Tulilijua hili tangu zama za vocha: ukimsomea mtu namba ulizokwangua, umempa vocha. Kadi ya milango mingi ni vivyo hivyo. Anayepata tarakimu 16, tarehe ya mwisho na zile tatu za nyuma anaweza kununua kitu akiwa mji mwingine bila kuiona kadi yako. Mhudumu wa kweli hatakupigia simu akuombe zile tatu, wala namba ya siri, wala namba inayotumwa kwa ujumbe. Mama aliye na haya ya kumkatia simu mtu anayeongea kwa adabu, tafadhali, kata.

Kuna na utapeli wa kadi za zawadi. Rafiki wa mtandaoni anayejiita daktari au mwanajeshi, ambaye hujawahi kumwona, anaomba umnunulie kadi ya zawadi na umtumie picha ya namba zake, eti ndipo mzigo wako utoke forodhani. Tume ya Biashara ya Marekani imekuwa ikiwaonya wananchi wake kwamba yeyote anayedai alipwe kwa kadi ya zawadi ni tapeli. Kadi hiyo ikishasomwa namba, kuzipata tena pesa zake ni vigumu mno. Wajane na mabinti ndio wanaotafutwa zaidi kwa maneno matamu ya namna hii. Tuwaambie mapema, kabla ya aibu, maana baada ya aibu hawatasema.

Ukishanunua kadi ya milango mingi, isajili kwa jina lako na kitambulisho siku hiyo hiyo. Kadi isiyosajiliwa ikipotea ni sawa na noti iliyodondoka sokoni. Iliyosajiliwa inaweza kufungwa kwa simu, na salio likahamishiwa kadi mpya. Andika namba ya huduma mahali pengine, kwa kuwa iliyochapwa nyuma ya kadi itapotea pamoja nayo.

Na usiitupe kadi kwa sababu imeisha pesa. Ulichonunua kikirudishwa, au safari ikifutwa, duka hurudisha pesa kwenye kadi ile ile iliyolipa. Mama aliyekwisha kuikata kwa mkasi hukaa wiki akibishana na watu wawili ambao kila mmoja anasema pesa ziko kwa mwenzake. Itunze mpaka bidhaa ifike na muda wa kurudisha upite.

Kama sasa unayo kadi ya zamani katika droo, au ya mtoto aliyemaliza shule, au uliyopewa kazini ukaisahau, itoe leo. Angalia tarehe ya mwisho, mwezi na mwaka, iliyochapwa kwenye kadi. Piga namba ya huduma uulize salio, na kama wanakata ada kwa kutoitumia. Ikiwa wanakata, zitumie pesa zilizobaki katika kitu kimoja, hata unga, au waombe wazihamishie kwenye akaunti au simu yako, na uandike jina la aliyekuhudumia na tarehe.